Asali ya Uwani na Mambo ya Jikoni



Tangu baadhi yetu tulipoanza kuweka mizinga ya nyuki nyuma ya nyumba na pembezoni mwa mashamba ya karafuu, ofisi ya chama imekuwa ikipokea maswali ya asali kwa wingi kuliko tulivyotazamia. Na waulizaji aghalabu si wale waliokwenda usiku na moshi wakarina, bali ni kina mama waliopokea ndoo jikoni wakaambiwa, "Haya, hii hapa." Mmoja auliza kwa nini asali yake imetoa povu. Wa pili auliza kwa nini mkate wake umeungua juu na ndani ungali mbichi. Wa tatu ana mjukuu wa miezi minne, naye ataka kujua kama ni vyema kumlambisha. Tumeona yafaa tuyajibu yote mahali pamoja, kwani yote yatoka katika shina moja: asali mbichi haitaki maji, wala haitaki moto mkali.

Sisi wenyewe hatukuanza vizuri, na si aibu kulisema. Mzinga wetu wa kwanza tuliurina mwishoni mwa masika, mvua haijakatika sawasawa, nasi kwa pupa tulikata masega yote, yaliyozibwa na yasiyozibwa, tukayakamua kwa mikono ndani ya ndoo. Mwaka ule karafuu zilikuwa haba, na fedha ya ndoo ile tulikwisha kuihesabu katika sare za skuli za watoto. Ndoo ikawekwa pembeni mwa jiko, karibu na mtungi wa maji. Baada ya majuma mawili kifuniko kikawa kimeinuka chenyewe. Mama yetu mzazi alipokifungua alirudi nyuma akasema, "Wanangu, hii si asali tena. Hili ni tembo." Hapakuwa na la kufanya. Kitu kilichokwisha kuwa kileo hakiliwi nyumbani kwetu wala hakiuzwi, basi ikamwagwa yote chini ya mgomba, na sare zikangoja.

Sasa tutazame kwa nini ilikuwa hivyo. Mkulima wa karafuu hana haja ya kufundishwa jambo hili kwa maneno mengi, kwa sababu ndilo analolifanya kila msimu juu ya jamvi. Karafuu mbichi huanikwa juani siku nne au tano, na kilo tatu hurudi kiasi cha kilo moja. Ukiipima kwa kuivunja hukatika kwa mlio. Mtu akifanya haraka akaitia guniani ingali na unyevu, hufanya joto humo ndani, ikapauka na kunywea, na kwenye mizani ya mnunuzi hulia peke yake. Nyuki naye ana karafuu yake ya kukausha. Maji matamu anayoyatoa katika maua aghalabu zaidi ya nusu yake ni maji matupu. Huyatia katika sega, kisha nyuki wengi husimama wakayapepea kwa mabawa usiku na mchana mpaka maji yamepungua sana. Yakifika kiasi cha sehemu kumi na nane katika mia, au karibu na hapo, ndipo huziba kila tundu kwa nta nyembamba. Ile nta ndiyo mlio wa karafuu. Hiyo ndiyo alama ya kwamba mzigo umekauka na waweza kuwekwa. Kipimo kinachotumika katika biashara ya mataifa ni kwamba maji yasizidi sehemu ishirini katika mia. Yakizidi hapo, hamira zilizomo hewani na katika maua hupata nafasi ya kufanya kazi, na mtu hupata povu badala ya asali.

Basi sega lisilozibwa lisiguswe. Likiwa robo tatu zake zimezibwa laweza kukatwa, na hapo nalo pawe na siku kadhaa za jua nyuma yake. Sega lenye majana hubaki ndani ya mzinga, kwani hilo ndilo kundi la kesho, na maji ya majana yakiingia katika asali huiharibu upesi. Wenye masanduku ya vijiti juu waweza kuchagua sega kwa sega. Wenye mizinga ya magogo kazi yao ni ngumu zaidi, lakini hata wao waweza kutenga: ndoo moja ya masega meupe yaliyozibwa, na bakuli moja ya yale mengine, ambayo huliwa nyumbani siku ile ile yasiwekwe.

Moshi uwe wa makumbi makavu ya nazi, tena uwe wa kufuka tu. Tumewaona watu wakiwasha miali ya makuti chini ya mzinga. Nyuki huungua, asali hunuka moshi, na mwaka ujao mzinga huwa mtupu. Na katika shamba lenye majani makavu chini ya mikarafuu, mwali mmoja watosha kumaliza kazi ya babu na baba.

Tumesema asali ya uwani, lakini neno hilo lisichukuliwe kwa udhahiri wake. Nyuki wetu wa pwani ni wadogo kuliko wale wa milimani bara, na wataalamu waliwapa jina lao la kielimu, litorea, mwaka 1961. Lakini udogo wao haukuwapunguzia hasira. Mzinga uwe mwisho wa kiwanja, nyuma ya ua wa miti au migomba, mbali na njia ya watoto na mbali na mahali afungwapo mbuzi au ng'ombe, kwa maana mnyama aliye kambani hana pa kukimbilia. Kurina ni kazi ya magharibi au usiku, majirani wakiwa wamekwisha kuambiwa.

Wako wanachama wanaodhani kwamba asali yao ni ya maua ya karafuu, na wengine huwaambia wanunuzi hivyo. Twaomba tusiseme lisilokuwako. Karafuu yetu ni ua ambalo halijafunguka, na kazi yetu yote ni kulichuma kabla halijafunguka, basi shamba lililochumwa vizuri humwachia nyuki kidogo sana. Nyuki wetu hula kwa minazi, ambayo hutoa maua mwaka mzima, na miembe ikichanua, na mikoko huko pwani, na magugu yetu ambayo hatuyapendi. Ndiyo maana asali ya nyumba moja haifanani na ya nyumba nyingine, na mpishi hana budi kuionja kwanza kabla ya kuamua aitie wapi. Ile nyeusi kidogo yenye ukali yafaa kwa nyama na samaki, na ile nyeupe kwa vitu vya unga. Asali ya wale nyuki wadogo wasiouma ni nyingine kabisa: ina maji mengi zaidi na uchachu, haikai, nayo iliwe mapema.

Baada ya kurina, masega yavunjwe yaachwe yachuruzike yenyewe katika kitambaa safi cha melimeli juu ya bakuli, nyumba ikiwa imefungwa mchana na mahali pakiwa pakavu. Mikono isikamue. Chombo kiwe cha kioo au cha plastiki ya chakula, au kile cha kupakwa rangi ya kioo ambacho hakijabanduka. Debe la bati na chombo cha shaba havifai, kwani asali ina uchachu ndani yake ingawa ulimi hauujui, nao hula madini. Debe lililokuwa na mafuta ya taa tusilitaje. Kifuniko kikaze sana, maana hewa yetu ya kisiwani ina unyevu, na asali huvuta unyevu kama chumvi ivutavyo wakati wa masika. Kijiko chenye maji kisiingie chupani. Nyumbani kwetu kijiko cha asali kina mahali pake pa kuning'inia, na mtoto akikichovya katika chai kisha akakirudisha chupani, kesi yake husikizwa jioni.

Sasa tuingie jikoni.

Kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kupima asali kama sukari, kikombe kwa kikombe. Asali ni tamu kuliko sukari, tena ina maji ndani yake, na huungua mapema. Hayo mambo matatu ndiyo yaliyoharibu mkate wa kumimina wa mama watoto, siku tulipokuwa na wageni kutoka Wete. Alitia kikombe kizima cha asali badala ya kikombe cha sukari, tui akaliacha kama kawaida yake, akapalia makaa juu ya kifuniko kama alivyofundishwa na mama yake. Baada ya muda mfupi harufu ikawa nzuri mno, na rangi ya juu ikawa kama ya kahawa. Alipoutoboa kijiti kikatoka na uji. Wageni walikula pembezoni wakasifu kwa adabu.

Tangu hapo amejaribu mara nyingi, na hesabu yake ya sasa ni hii. Mchele vikombe viwili uliorowekwa usiku kucha na kusagwa na tui zito, hamira kijiko kimoja cha chai, iliki ya kutosha. Palipotakiwa kikombe kimoja cha sukari atia robo tatu ya kikombe cha asali, na katika tui apunguza vijiko vitatu vikubwa. Kikombe hupakwa mafuta kidogo kabla ya kupimia, asali ikateleza yote isibaki. Makaa ya juu ni nusu ya yale aliyokuwa akitia zamani, na ya chini pia hupunguzwa, na mkate hukaa motoni muda mrefu zaidi. Wenye tanuri la umeme au la gesi wapunguze joto kiasi cha digrii kumi na tano. Faida yake yaonekana siku ya pili: mkate wa sukari huwa umekauka pembeni, na huu wa asali ungali laini, kwa sababu ile tabia ya kuvuta unyevu, iliyo adui chupani, ndani ya mkate ni rafiki. Maandazi nayo ni vivyo hivyo, ila moto wa mafuta uwe wa kiasi, la sivyo yatakuwa meusi nje kabla hayajaiva.

Katika kaimati hatuitii asali ndani ya unga hata kidogo. Unga wa ngano vikombe viwili, hamira kijiko cha chai, maji ya vuguvugu kikombe na robo au zaidi kidogo, chumvi ya kubana kwa vidole. Piga kwa mkono mpaka uvutike, funika mpaka uumuke mara mbili, kisha chota na udondoshe katika mafuta. Shira ya sukari huchemshwa, lakini shira ya asali isichemshwe kamwe. Kikombe kimoja cha asali na vijiko vitatu vya maji na iliki iliyotwangwa hutiwa katika bakuli, na bakuli hukaa ndani ya sufuria ya maji ya moto ambayo kidole chaweza kuyavumilia. Ikilegea yatosha. Kaimati zikishapoa kidogo hutiwa humo zikageuzwa. Na zifanywe karibu na adhana ya magharibi, kwa maana zikilala hunywea na ule ukavu wa nje ukapotea. Ukichemsha asali utabaki na utamu tu. Harufu ya maua huondoka na mvuke, na afadhali basi ungenunua sukari dukani ukaiuza asali kwa anayeijua thamani yake.

Kwa sababu hiyo hiyo, ndizi mbivu za tui hutiwa asali zikishaepuliwa, uji hutiwa katika kikombe wala si katika sufuria, na chai ya tangawizi husubiriwa mpaka mtu aweza kuinywa bila kupuliza, ndipo kijiko kiingie.

Samaki wa kuchoma ataka maneno yake peke yake. Wengi humpaka asali tangu mwanzo, ikadondoka katika makaa, ikawaka, na samaki akawa kama aliyeokolewa katika nyumba iliyoungua. Mpakeni kwanza chumvi, ndimu, tangawizi, thomu na pilipili, achomwe mpaka karibu na kuiva. Kisha changanyeni asali vijiko viwili na maji ya ndimu moja, mumpake kwa unyoya au kwa jani, mumgeuze mara moja kila upande, mumtoe. Dakika tatu au nne zatosha. Kuku naye ni hivyo. Tumekula kolekole aliyefanywa namna hii, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu hapasemwi kwamba asali ni ya vitu vitamu tu.

Na sasa twaomba neno hili lisomwe mara mbili, na asiyejua kusoma asomewe. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata tone la ncha ya kidole, hata katika uji uliopikwa. Ndani ya asali, iwe safi namna gani, mwaweza kuwamo mbegu za kijidudu kiitwacho klostridia botulinamu. Tumbo la mtu mzima na la mtoto mkubwa huzishinda. Tumbo la mchanga bado halina nguvu hiyo, mbegu zikaota humo na kutoa sumu inayolegeza viungo. Mtoto hufunga choo, kunyonya kwake huwa dhaifu, kilio hupungua, kope na shingo hulegea, na mwisho yaweza kufika katika pumzi. Moto wa jikoni hauziui mbegu hizo. Jambo lenyewe hutokea mara chache, lakini likitokea ni la hospitali saa ile ile, na daktari aambiwe kwamba mtoto alilambishwa asali.

Twajua kwamba neno hili lagusa ada za wazee. Yule bibi mwenye mjukuu alitujibu palepale ofisini, "Mwanangu Katibu, nyinyi nyote mlilambishwa asali siku mliyozaliwa, na mpo." Tukamwambia, "Ni kweli bibi, tupo. Lakini katika mikarafuu wako wengi waliokanyaga tawi bovu wasianguke, na wewe hukosi kutukataza kila msimu." Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba atangoja mwaka utimie. Katika tahniki kitu kinachojulikana zaidi ni tende, na mwenye kutaka hukumu ya dini amwulize sheikh wake. Sisi twasema la afya tu.

Liko na la watu wazima. Kwa kuwa sura nzima katika Kurani imepewa jina la nyuki, wengi wetu tumezoea kuitazama asali kama dawa isiyo na madhara, na wako wagonjwa wa sukari walioacha sukari ya duka wakahamia katika asali kwa mioyo iliyotulia. Wazee wetu, katika kila sehemu mia za asali, karibu themanini ni sukari. Mwenye maradhi hayo aihesabu kama sukari, na kiasi chake akiulize kwa tabibu wake.

Yabaki ya kuuza. Mnunuzi wa mjini hupenda kujaribu asali kwa njiti ya kiberiti, au kuitia katika maji aone kama yazama, au kuangalia kama sisimizi wataila. Hakuna hata moja katika hayo linaloweza kumtambulisha asali safi na iliyochanganywa. Wala asali iliyoganda si dalili ya kutiwa sukari, kwani asali nyingi safi huganda zenyewe zikikaa. Iwekwe chupa katika maji ya vuguvugu, itarudi. Jambo la kuangalia ni kipimo. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo moja na nusu kasoro kidogo, yaani kiasi cha 1.4. Mtu akikubali bei ya kilo kisha akapimiwa kwa chupa ya lita, amempa mnunuzi karibu nusu kilo bure katika kila chupa. Hilo limewapata wanachama wawili mwaka huu, nao waliuza kwa furaha wakarudi nyumbani wakiimba.

Vitambaa vya kuchujia viko ofisini kwa wanaohitaji. Anayekuja kuazima ndoo ya chama aioshe kabla ya kuirudisha, aianike kichwa chini juani mpaka ikauke kabisa, na kifuniko chake akilete pamoja nayo, kwani viwili hatujui viliko.